Baki na moja mkuu, ila usiichague kwa kuangalia madaunlodi

Mkuu umesema una apu nne Play Store, ya kikoba, ya ratiba ya ligi, ya meseji za mapenzi na ya hesabu za darasa la saba, zote zinasuasua, na unauliza uongeze ya tano au ufunge ubaki na moja. Wengi wamekwambia ongeza, eti bahati haina adresi. Mi nasema baki na moja, na naongea kwa sababu nilikuwa na ya mapishi, ya majina ya watoto, ya tochi (ndio tochi, usicheke) na ya daftari la madeni ya wenye maduka. Leo nimebaki na daftari tu.

Watu hawapigi hesabu ya matunzo. Akaunti ya kuweka apu Play Store unalipia dola 25 mara moja basi, ndo maana kila mtu anaona apu ya tano ni ya bure. Sio bure hata kidogo. Kila mwaka Google wanapandisha toleo la Android ambalo apu lazima ilenge, yaani ifuate masharti yake, siku ya mwisho huwa 31 Agosti, mwaka 2025 toleo lilikuwa Android 15, usipofanya hivyo hupandishi apdeti, na ukizidi kubaki nyuma wenye simu mpya hawaioni kabisa Play Store. Na ukishalenga toleo jipya ndo vinaanza vituko, Android 13 ilikuja na kuomba ruhusa kabla hujatuma notifikesheni, 14 ikazima alamu za kulia dakika ileile iliyopangwa kwa apu nyingi mpaka mwenye simu aruhusu mwenyewe, 15 ikalazimisha apu ijaze skrini juu mpaka chini, ukilala tu kitufe chako cha Hifadhi kinakuwa nyuma ya vitufe vya simu na hakibonyezeki vizuri. Hapo sijataja fomu ya usalama wa data ya tangu 2022, ya kueleza apu inachukua taarifa gani za mtu, ambayo kila apu ina ya kwake. Zidisha hayo yote mara nne, uko peke yako, mchana una kazi ya watu, usiku umeme umekatika.

Na kama akaunti yako ni ya mtu binafsi na umeifungua baada ya Novemba 2023, kila apu mpya utatafuta watu 12 waijaribu siku 14 mfululizo ndo uombe kuitoa kwa umma. Zamani walikuwa 20. Hao jamaa utawabembeleza mara ngapi?

Kuna mtu juu hapo kasema apu nyingi zinasaidia kufikisha haraka dola 100 za AdMob (matangazo ya Google, hawakulipi mpaka zifike hapo) maana kiwango ni cha akaunti nzima. Kweli kabisa, ila tangazo analoliona mtu wa Tanzania linalipa kidogo mno ukilinganisha na la mtu wa Marekani, na tochi mtu anaiwasha, anatafuta ndala, anazima.

Sasa unabaki na ipi? Tochi ndo ilikuwa inaongoza kwa madaunlodi kwangu. Ila siku ilipogoma hakuna aliyeniuliza kitu, waliifuta wakaendelea na maisha. Daftari lilipogoma, dada mmoja mwenye duka Mbagala alinipigia usiku kwa ukali, "kaka madeni yangu hayafunguki na leo mwisho wa mwezi, watu wamepata mshahara, nadai vipi?" Huyo ndo kanichagulia apu. Tafuta ile ambayo ikizimika leo kuna mtu atakutukana kabla ya kulala.

Halafu ukishabaki na moja unapata muda wa kwenda kukaa kwenye benchi la duka na kuangalia tu. Nilikuta yule dada ananunua soda kwa jumla, anapima unga, anapokea hela, yote kwa mkono mmoja, na bado kuna daftari la karatasi pembeni. Mle kaandika "bodaboda wa kona, sukari nusu, kiberiti". Apu ilikuwa inataka jina kamili na namba ya simu, na nani atamuomba jirani namba kwa deni la shilingi 1,500? Nikaifanya namba iwe hiari. Pia watu hawalipi deni, wanapunguza, mia tano leo elfu moja keshokutwa, kwa hiyo sasa kuna kitufe kikubwa kimeandikwa Kapunguza na ndo kinachobonyezwa kuliko vyote. Lingine nisingeliwaza nikiwa nyumbani: mteja anachungulia simu, anaona jirani yake anadaiwa elfu arobaini, jioni mtaa mzima unajua. Siku hizi inafungukia kwenye sehemu ya kutafuta jina, orodha haionekani hovyo.

Waliomba pia isome meseji za M-Pesa yenyewe ifute deni. Google walishabana ruhusa ya kusoma meseji tangu 2019, mpaka ujieleze wakubali, kwa hiyo mtu ananakili ile meseji anaibandika na apu inachukua kiasi na jina. Inatosha.

Hela sio za kujengea ghorofa, ila zinatoka kwa watu walewale kila mwezi. iPhone sijagusa, Apple wanataka dola 99 kila mwaka uweke apu kwao, kwa ajili ya mangi gani?

Hizo tatu utakazoacha ziondoe tu Play Store, waliokuwa nazo kwenye simu wataendelea kuzitumia, usiwafutie ghafla seva kama zina data yao. Na funguo ya kusainia (faili la siri linalothibitisha apdeti imetoka kwako) ya ile unayobaki nayo ihifadhi zaidi ya sehemu moja.

Kwa orodha yako mi ningebaki na ya kikoba, japo najua meseji za mapenzi ndo zina madaunlodi. Omba ukae kwenye kikao chao kimoja, muangalie katibu anavyoandika hisa, mfuko wa jamii, mikopo, na yule mama aliyechelewa anavyobishania faini yake. Halafu uje utuambie kama apu yako ina sehemu ya kuandika faini.