Muulize Shangazi: Mke wa Macbeth ndo alimharibu mumewe?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mdogo wangu yuko chuo hapa Mlimani, alituachia Makbeth, ile tamthilia ya Shakespeare ya Macbeth anayemuua mfalme ili atawale yeye, tafsiri ya Mushi ya 1968, tumesoma mimi na mume wangu na sasa ndani hakukaliki. Yeye anasema mwanamke ndo chanzo, angetulia mfalme asingekufa. Mimi naona kaonewa. Tuamue. Na hivi hawa watu walipendana kweli?
Mama Junior, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na hilo la mwisho maana ndo penyewe. Walipendana, tena sana. Macbeth anatoka vitani, wachawi wameshamwambia atakuwa mfalme, hajafika hata nyumbani kashamwandikia mkewe barua, anamwita mwenzi wake mpenzi katika ukuu. Wanaume wangapi hapa mjini wakipata habari nzito hivyo wa kwanza kuambiwa ni mke?

Sasa mkwe wangu asikie hili, wazo la kuua lilimjia Macbeth kabla hajamuona mkewe, alivyotajiwa tu ufalme moyo ukaanza kumwenda mbio. Ila na wewe usimsafishe sana mwanamke mwenzio. Usiku ule mfalme Duncan yuko mezani kwao, mgeni anakula, Macbeth anatoka nje anamwambia mkewe basi, hili jambo tusiendelee nalo. Angejibu tu sawa mume wangu, yameisha. Badala yake akamuita mwoga, na mbaya zaidi akamwambia kuanzia leo nimeshajua mapenzi yako yakoje. Yaani uthibitishe unanipenda kwa kuua mtu! Kwangu mimi ndoa ilifia pale, damu haijamwagika bado.

Maana tazama walipopata walichokitaka, Duncan kauawa na Macbeth kawa mfalme. Kifo cha Banquo, rafiki yake wa vitani, mume anakipanga peke yake, mke akiuliza anaambiwa wewe usijue kitu mpenzi, utashangilia mwenyewe kikishatokea. Huyu huyu wa ile barua. Kwenye karamu mzimu wa Banquo unakalia kiti, mke anahangaika kuwadanganya wageni eti mume wangu huwa hivi toka ujanani, wageni wakiondoka wanaongea kidogo wamechoka na hatuwaoni tena pamoja mpaka mwisho. Siri zake mama wa watu anakuja kuzisema usingizini, anatembea na taa ananawa mikono isiyo na kitu, na wanaosikia ni daktari na mhudumu, mume hayupo! Msiba wa mkewe unamkuta Macbeth kwenye vita, anachosema ni kwamba angekufa baadaye, ungekuwepo wakati wa neno kama hilo. Mi nikifika hapo machozi yananitoka kabisa.

Halafu msimbebeshe mzigo huu mke wa Macbeth wa kweli. Shakespeare aliandika hii karibu 1606, Macbeth wa historia alitawala Uskoti 1040 mpaka 1057, mkewe aliitwa Gruoch, na Duncan yule aliuawa vitani sio kitandani kwa watu.

Kwa hiyo mwanangu, nyote wawili mmeshika nusu nusu. Leo watoto wakilala fungueni sehemu ya tatu onyesho la pili, wewe soma maneno ya mke, yeye ya Macbeth, kwa sauti, halafu muulize yeye angeficha nini hapo. Mniandikie alivyojibu.