Barua kwa mwanangu Lusajo: kula kwa Wathai karibu na chuo

Lusajo mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Iyunga. Sote wazima, baba yako anakusalimu. Baridi ya Juni imeshika, na wanafunzi wanafika kibandani alfajiri kuulizia supu kabla moto haujakolea.

Umeniuliza kama uendelee kula kwenye mgahawa wa Wathai, watu wa Thailand, ulio ng'ambo ya barabara kutoka chuoni kwenu huko Marekani, ambako sahani ya mchana ni dola 10, au uache upike mwenyewe. Wenzako wamekutia hofu kwamba kwa bei hiyo lazima kuna kitu wanakipunja. Halafu umeuliza uagize nini, kwa kuwa menyu yenyewe ina kurasa nyingi. Nimesoma ile menyu uliyoipiga picha, mdogo wako amenitafutia maelezo kwenye simu, na baba yako amenikumbusha aliyoyaona Bangkok alipopelekwa mafunzo ya mpunga enzi zake za kilimo.

Jibu langu ni hili: endelea kula pale. Ila usiagize sahani nyingine yoyote mpaka uwe umewauliza habari ya kamba wa baharini. Nitaanza na bei, halafu nije kwenye kamba, na hapo unisome taratibu.

Chakula cha wanafunzi kinakuwa rahisi kwa sababu kinaisha. Wewe umekulia kwenye biashara hii. Mimi sipati faida kwenye nyama, naipata kwenye wali na maharage, na kwenye wingi wa sahani. Sufuria ikipanda jikoni saa nne na kuoshwa saa tisa, sina kiporo cha kumuuzia mtu kesho. Mwenye hoteli kubwa ya mjini anayemsubiri mgeni mmoja mmoja ndiye mwenye nyama ya juzi kwenye friji. Kwa hiyo anayekuambia bei ndogo ni dalili ya chakula kibaya, mwambie aangalie foleni kwanza. Umesema saa sita na nusu watu wanasimama mpaka nje. Hiyo kwangu ni habari njema kuliko cheti chochote kilichobandikwa ukutani.

Na upishi wa Wathai umekaa vizuri kwa biashara ya namna hii. Wali ndio chakula, vingine ni kitoweo. Nyama wanaikata nyembamba sana, kidogo tu, na utamu unatoka kwenye viungo vilivyotwangwa: pilipili, mchaichai, vitunguu, kitunguu saumu, mizizi ya giligilani, na mzizi mmoja wa jamii ya tangawizi wanaouita galanga. Kisha tui la nazi. Kilo moja ya kuku inalisha watu wengi na hakuna anayejiona amepunjwa. Baba yako anasema Bangkok karibu na Chuo Kikuu cha Kasetsart, ambacho ndicho chuo chao kikubwa cha kilimo, alikuta akina mama wamepanga masufuria ya michuzi tayari, unaonyesha kwa kidole, unawekewa juu ya wali, unalipa, unakaa. Khao kaeng, ndivyo wanavyokiita. Aliponisimulia nilimwelewa mara moja. Ni kazi yangu mimi hiyo, inafanywa na mama mwingine.

Usitishwe pia na urefu wa menyu. Kwa hoteli nyingine ningekuambia kimbia, kwa kuwa mtu hawezi kuwa na vyakula themanini vya siku hiyo hiyo. Lakini ukiisoma vizuri, ni michuzi michache na karai moja. Kinachobadilika ni kuku, ng'ombe, kamba au tofu, ile ya soya.

Sasa kamba.

Unakumbuka mwenyewe tulivyokukimbiza hospitali ulipokula kamba kule Dar es Salaam kwa shangazi yako, midomo imevimba na pumzi inakatika. Huku Mbeya hatukuwa na wasiwasi sana, maana kamba hawafiki kwenye sahani zetu. Tunakula mbasa na dagaa wa Ziwa Nyasa, basi. Nadhani ndiyo maana na wewe umezoea kudhani kwamba ukiona kuku kwenye sahani, umesalimika. Kwa Wathai haiko hivyo. Kuna kitu kinaitwa kapi. Ni kamba wadogo waliotiwa chumvi, wakachachushwa na kusagwa mpaka wakawa kama udongo wa zambarau. Hicho kinaingia kwenye viungo vya mchuzi mwekundu, mchuzi wa kijani, na mara nyingi hata mchuzi wa massaman. Hukioni. Harufu yake inamezwa na nazi na mchaichai. Mchuzi wa kijani wa kuku unaweza kuwa na kamba ndani yake na mtu akakuapia kwamba ni kuku tu, bila kukudanganya, kwa kuwa yeye hakihesabu kama kamba. Anakihesabu kama chumvi.

Si hicho tu. Kamba wakavu waliosagwa au kukatwakatwa wanatiwa kwenye pad thai, tambi za mchele za kukaanga, na kwenye saladi ya papai bichi. Supu ya tom yum mara nyingi ni ya kamba wazima, na hata ikiwa ya kuku, ile rojo ya pilipili wanayoitia huwa na kamba wakavu. Na karai ni lile lile: likitoka kukaanga kamba wa mwenzako, linafutwa haraka na kupikiwa cha kwako. Mchana wa foleni hakuna mtu wa kuliosha kwa sabuni, mwanangu, nakuambia kama mtu wa jikoni.

Umeniambia umekula pale mchuzi mwekundu na hukuona kitu. Namshukuru Mungu, lakini sitegemei hilo. Labda walitumia viungo visivyo na kapi, kwa kuwa vipo vinavyotengenezwa hivyo kwa ajili ya wasiokula wanyama. Labda ilikuwa kidogo. Mzio, hiyo aleji yako, haufuati kipimo cha jana.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda saa kumi, wakati jiko limepoa na wapishi wanapumua. Usimuulize kijana wa mezani peke yake. Mwombe akuitie anayepika. Usiulize tu kama kuna kamba, taja na kapi kwa jina lake, atajua unachosema. Waombe wakuonyeshe kopo la viungo. Hoteli za bei nafuu nyingi hazitwangi tena, wananunua viungo vya kopo au ndoo, na si jambo la kuwalaumu. Marekani wana sheria ya 2004 inayowalazimu watengenezaji wa vyakula vya kufungashwa kuandika kama ndani mna wanyama wa jamii ya kamba na kaa, na vilevile karanga, maziwa, mayai na vingine. Soma kopo kwa macho yako. Akikuonyesha bila kusita, huyo ni mpishi wa kuaminika, na kila mara uagizapo mkumbushe. Akikunja uso au akisema "kidogo tu haina shida", lipa maji yako uondoke, hata kama mchuzi wao ni mtamu namna gani.

Na uende zahanati ya chuo, uwaeleze yaliyokupata Dar, uwaulize kuhusu sindano ya dharura ya adrenalini ya kutembea nayo. Waulize pia juu ya chaza wa baharini, maana mchuzi wa chaza unatumika sana kwenye vya kukaanga. Wapo wenye mzio wa kamba wasiodhurika na chaza na wapo wanaodhurika. Hilo sitaki ulijaribu mezani.

Ukishapata majibu, chakula cha kuagiza kipo. Mimi ningeanza na khao man kai: kuku wa kuchemsha, na wali uliopikwa kwa supu na mafuta ya kuku huyo huyo, na kachumbari ya tango pembeni. Kililetwa na Wachina wa kisiwa cha Hainan. Hakipitii kwenye karai, na mchuzi wake wa kuchovya ni soya iliyochachushwa, tangawizi na pilipili. Pale kwenye menyu yako kipo, ukurasa wa tatu chini, watu hawakioni kwa kuwa hakina picha. Halafu kuna pad kaphrao, nyama ya kusaga iliyokaangwa na pilipili, kitunguu saumu na majani ya jamii ya kivumbasi chetu, juu ya wali na yai la kukaanga. Baba yako anasema kule kwao hicho ndicho mtu anakiagiza akikosa wazo la kula. Kwa kawaida hakina kapi, lakini kina ule mchuzi wa chaza, na kinapikwa kwenye karai. Uliza.

Massaman ungeipenda kuliko yote kama kopo lao ni salama. Viazi, karanga, nazi, mdalasini, iliki, karafuu. Ni mchuzi unaohusishwa na Waislamu wa nchi ile, na ukiunusa utadhani mtu wa pwani amekuja kupika viazi vya Uporoto.

Pad thai kila mtu anaijua, na wenzako wataisifia. Zile tambi za mchele zilivumishwa na serikali ya Phibunsongkhram, waziri mkuu wao wa wakati huo, karibu na miaka ya 1940, muda uleule nchi ilipobadilishwa jina kutoka Siam kuwa Thailand mwaka 1939. Alitaka taifa liwe na chakula chake kimoja. Sawa, lakini kwenye hoteli za huko uliko unakuta imejaa sukari na mafuta, na ina kamba wakavu. Mimi sioni kwa nini uihangaikie.

Wali wa kukaanga uagize wakati wa msongamano tu. Wali uliopikwa ukaachwa nje saa nyingi huota vijidudu vinavyotema sumu, na sumu hiyo kupasha moto hakuiondoi. Wali unaokaangwa mara nyingi huwa umelala, lakini ulale kwenye friji. Ukiona beseni la wali limefunikwa kwa kitambaa juu ya meza saa tisa, agiza kingine.

Kuhusu chumvi nitasema machache. Mchuzi wao wa samaki, unaotokana na dagaa wa baharini waliochachushwa na chumvi muda mrefu, ni chumvi kabisa, na wewe unajua shinikizo la damu la babu yako liliishia wapi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai hicho. Kula kilicho juu ya wali, acha mchuzi uliobaki chini ya sahani. Usiumalize kwa kijiko.

Halafu fedha. Dola 10 ni bei iliyoandikwa tu. Ulituambia mwenyewe kuna kodi juu yake, na bakshishi ya asilimia 15 mpaka 20 kwa anayekuhudumia. Kwa hiyo sahani ni kama dola 12 au 13, na mara tano kwa wiki inapita dola 60. Punguza iwe mara mbili au tatu, siku nyingine upike maharage, uyaweke kwenye friji kwa mafungu. Unajua kuyapika. Lakini nisikilize vizuri hapa: usipunguze bakshishi ya mhudumu ili upate sahani ya ziada. Wahudumu wengi huko mshahara wao ni mdogo na wanaishi kwa hiyo. Mimi nimekopesha wanafunzi wengi wakisubiri bumu, ile fedha ya mkopo wa chuo, na wengi wamelipa, nawajua kwa majina hadi leo. Waliohama njia ili wasipite mbele ya kibanda changu pia nawajua. Sitaki mama wa watu huko aseme hivyo kuhusu mwanangu. Siku huna ya kutosha, kula nyumbani.

Msalimie huyo mama anayepokea fedha mlangoni. Umesema anafanana na mama mkubwa wa Tukuyu kwa ukali. Mwambie na mimi nalisha wanafunzi, huku Mbeya. Watu wa kazi hii tunaelewana haraka, na mpishi anayekujua kwa jina ndiye anayekumbuka kuosha karai lako.

Mchele wa Kyela nitakupa kilo mbili kwa mtoto wa mchungaji anayesafiri Agosti, kama watamruhusu kupita nao. Umesema wali wa jasmini wa pale unanukia kama wa nyumbani. Baba yako amefurahi sana kusikia hivyo, ameanza tena kueleza mbegu za mpunga kwa kila anayeingia.

Kesho saa kumi nenda ukaulize kapi. Ukitoka hapo nipigie, hata kama huku ni usiku wa manane. Simu nitaiacha wazi.

Mama yako