Nani alimpa Mwingereza ruhusa ya kugawa?

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: Mwingereza alipoondoka Palestina mwaka 1948, nani alikuwa na haki zaidi ya kuiita nchi ile yake, Myahudi au Mwarabu? Kwangu mimi wote wawili walikuwa na haki. Asiyekuwa nayo hata chembe ni yule aliyeigawa.

Nasema haya nikiwa mkazi wa Eldoret. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alikuwa tayari kuwapa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka taifa lao wenyewe, uwanda wetu wa Uasin Gishu wajenge makazi ya Wayahudi. Kiongozi wao, Theodor Herzl, aliupeleka mpango huo kwenye mkutano wao mjini Basel, Uswisi, mwezi Agosti. Aprili ya mwaka huo Wayahudi walikuwa wamechinjwa Kishinev, ndani ya himaya ya Urusi, kwa hiyo kimbilio lilihitajika kweli. Lakini wajumbe wengi wa Urusi, hao hao waliokuwa na kila sababu ya kukimbia, walitoka ukumbini kwa uchungu. Walitaka Palestina. Mwaka 1905 mpango ukatupwa. Hapa kwetu hakuna Mnandi wala Mmasai aliyeulizwa; Oktoba ya mwaka huo huo wa 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alipigwa risasi akiwa bado anawapinga Waingereza.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kwamba Wayahudi walitafuta ardhi yoyote tu. Watu walioomba karne nyingi wakielekea Jerusalem hawakuwa wakiigiza. Lakini naiona pia tabia ya serikali ile ya London. Novemba 2, 1917, Arthur Balfour, waziri wake wa mambo ya nje, aliwaahidi kwa barua Wayahudi makao ya kitaifa Palestina, wakati karibu watu tisa kati ya kila kumi nchini humo walikuwa Waarabu. Hao waliachiwa haki za kiraia na za kidini. Haki ya kujitawala haikutajwa kabisa. Na miaka miwili nyuma Henry McMahon, mwakilishi wa Uingereza nchini Misri, alikuwa amemwandikia Sharifu Hussein wa Makka kuhusu uhuru wa Waarabu, kwa maneno ambayo Waarabu waliamini yanaigusa Palestina pia. Ni sawa na kumkatia jirani mmoja shamba la jirani mwingine, tena baada ya kumwahidi mwenye shamba kwamba halitaguswa.

Mkulima wa Galilaya au mwenye bustani ya machungwa Jaffa hakuhitaji barua ya waziri kuthibitisha kwamba yuko kwao. Wanaosema uasi wa Waarabu wa Palestina wa 1936 ulitokana na chuki tupu hawamtendei haki: aliona nchi ikimtoka mikononi, na hakuna aliyemuuliza.

Kisha akaja Hitler. Mwaka 1938 mataifa yalikutana Évian, Ufaransa, kuzungumzia wakimbizi hao, na karibu yote yakawafungia Wayahudi milango. Mwaka uliofuata Uingereza nayo ikaweka kikomo cha wahamiaji 75,000 Palestina kwa miaka mitano, miaka ambayo mamilioni waliuawa. Kila nikisoma habari hizi moyo unaniuma.

Mwaka 1947 Umoja wa Mataifa ulipiga kura ya kuigawa nchi: 33 wakakubali, 13 wakakataa, 10 hawakuwa upande wowote. Uingereza, iliyoanzisha yote, ilikuwa kati ya hao kumi! Wayahudi, waliokuwa theluthi ya wakazi, walitengewa zaidi ya nusu ya ardhi. Siwezi kuwalaumu Waarabu kwa kukataa, ingawa vita vilivyofuata viliwaumiza wao kuliko wote: zaidi ya Wapalestina 700,000 walifukuzwa au wakakimbia. Taifa waliloahidiwa katika kura ile halikuzaliwa. Jordan ikachukua Ukingo wa Magharibi, Misri ikashika Gaza.

Leo nawasikia watu wakisema Wayahudi warudi walikotoka. Wapi? Kati ya 1950 na 1951 Wayahudi zaidi ya 100,000 waliondoka Iraki, wakapoteza uraia na mali zao, na wa Yemen nao karibu wote waliondoka. Mjukuu wa Baghdad aliyezaliwa Haifa yuko kwao. Na mjukuu wa Haifa aliyezaliwa kambini Lebanon ana haki juu ya mji huo huo. Azimio namba 194 la Umoja wa Mataifa la Desemba 1948 lilisema wakimbizi wanaotaka kurudi na kuishi kwa amani na majirani zao waruhusiwe, na wasiotaka walipwe fidia ya mali zao. Mazungumzo yoyote yanayoliweka azimio hilo kando, mimi siyaiti ya amani.

Msomaji wenu, Eldoret