Muulize fundi: Mafuta ya alizeti kwenye cheni ya chensoo

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni opareta wa chensoo, kazi zangu ni za kukata miti ya misindano huku Nyololo, Mufindi. Miaka yote kwenye cheni natia oili chafu ninayopewa gereji. Sasa nimepata kazi ya wiki mbili kwenye shamba la mama mmoja. Chini ya shamba ndiko viliko vinyungu vyake, yaani bustani za bondeni, na kisima wanachochota maji. Amenikatalia katakata oili chafu, anasema nitie mafuta ya alizeti, anayo aliyokamua mwenyewe. Wenzangu wanasema pampu itaziba, na mashine si yangu, ni ya bosi. Je, ni kweli itakufa? Na kama mafuta ya kula yanafaa, vipi mawese, au yale yaliyokwisha kukaangia chipsi? Hayo napata kwa bei ya chini.
Opareta, Nyololo

JIBU: Marahaba mwanangu, kamwene. Huyo mama amekuambia jambo la kweli, na wenzako nao wana sehemu yao ya ukweli. Alizeti inalainisha cheni vizuri. Ubaya wake unaanza mashine ikilala.

Anza na mahali oili inapokwenda. Oili ya injini ya gari inazunguka humo humo ndani, lakini ya cheni hairudi. Pampu inaisukuma kwenye mfereji wa upanga, lile bapa la chuma ambalo cheni inalizunguka, cheni inaibeba mpaka nchani, kisha inarushwa nje pamoja na unga wa mbao. Tenki la oili la mashine nyingi za huku linachukua kama theluthi moja ya lita, na kwa kawaida kila ukijaza petroli unajaza na oili. Ukijaza mara sita kwa siku, umemwaga lita mbili. Kwa siku kumi na mbili za kazi ni lita ishirini na nne, yaani debe zima na zaidi, juu ya kisima cha watu. Mimi ningekuwa na kisima hapo ningekukatalia vilevile.

Na oili chafu si oili iliyozeeka tu. Ina chembe za chuma kutoka kwenye injini ilikotoka, na chembe hizo zinasaga pampu yako na mfereji wa upanga. Ina pia masizi na kemikali za mwako ambazo baadhi yake zinajulikana kusababisha saratani. Wewe unayarudishiwa hayo usoni, mikononi na kwenye suruali kutwa nzima, halafu unakwenda nyumbani kumbeba mtoto. Vitabu vya mashine vinakataza oili chafu waziwazi, ila vitabu hivyo huwa vinabaki dukani kwenye boksi. Hili linaniuma kwa sababu vijana niliowafundisha kazi, wengi wao, bado wanaitumia.

Mafuta ya mimea kwenye cheni si ushamba. Austria, nchi ya milima na misitu, ilitoa kanuni mwaka 1990 ya kuziondoa kwenye misumeno oili za cheni zitokanazo na mafuta ghafi. Stihl wenyewe, watengenezaji wa chensoo, wanauza oili ya cheni iliyotengenezwa kwa mimea. Mafuta ya mimea yana utelezi wa asili na yanashika kwenye chuma, na yakianguka chini wadudu wa udongo wanayala yakaisha upesi kuliko oili ya gari. Hiyo isikufanye umwage ovyo karibu na maji. Mafuta yoyote yakitanda juu ya maji yanadhuru.

Sasa pampu. Hilo lilinipata mimi, nakueleza usilirudie. Mwaka mmoja nilitumia alizeti msimu mzima wa kiangazi bila tatizo lolote. Upanga ulikuwa wa baridi, cheni haikulegea kuliko kawaida. Mvua zilipoanza mwezi wa kumi na mbili nikaiweka mashine darini na mafuta yake ndani, nikaja kuishusha mwezi wa nne. Cheni ilikuwa imekakamaa, kila kiungo kimesimama kilipoachwa. Ndani ya pampu mlikuwa na utando wa njano unaonata kama vanishi. Nililoweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha, ukalegea kidogo tu. Kilichousaidia ni maji ya moto yenye sabuni ya unga, nikachemsha cheni na vipande vya chuma vya pampu, nikasugua, nikakausha juani, nikapaka oili safi palepale kabla ya kutu. Mpira wa kunyonyea oili nilinunua mpya.

Sababu ni kwamba alizeti ni katika mafuta yanayokauka. Yakikaa kama utando mwembamba penye hewa, yanashikana na hewa hiyo na kugeuka gundi, kama rangi ya mafuta inavyokauka ukutani. Mashine inayofanya kazi kila siku haiyapi nafasi hiyo, maana mapya yanasukuma ya zamani kutoka. Oili za mimea za dukani zimetiwa dawa ya kuchelewesha hali hiyo. Ya huyo mama haina.

Kwa hiyo kwa kazi yako ya wiki mbili, tia. Ijumaa ukiona Jumatatu utarudi, wala usihangaike. Ila siku ya kumaliza, kabla hujamrudishia bosi mashine, toa alizeti yote iliyobaki kwenye tenki, tia oili ya cheni ya dukani kidogo, washa, iache cheni izunguke dakika chache mpaka uone oili mpya ndiyo inayoruka. Fungua kifuniko cha pembeni, toa ule unga ulioshikana na mafuta karibu na klachi, chokonoa mfereji wa upanga na kile kitundu cha oili. Na mwambie bosi wako mapema. Mashine ni yake, asije akasikia kwa wengine.

Mafuta ya kukamua kijijini yana mashapo na nta. Asubuhi za Juni na Julai huko Mufindi utayaona yamekuwa na ukungu, hiyo ndiyo nta. Yaache kwenye dumu yatulie siku mbili tatu, chukua ya juu tu, chuja kwa kitambaa safi. Usipofanya hivyo, kitakachoziba kwanza ni kichujio kidogo kilichomo ndani ya tenki, na watu watasema alizeti imeua pampu.

Mawese, hapana. Kwa baridi ya huko yanaganda, na pampu haiwezi kunyonya kitu kilichoganda. Walioko Kyela kwenye joto wanaweza kuyafikiria, wewe usiyafikirie. Ya chipsi ndiyo kabisa usiguse: yana chumvi, maji na makombo, na yameshaungua mara nyingi hivyo yamekwisha kuanza kugeuka gundi kabla hata hujayanunua. Chumvi nayo inakula chuma.

Ukishatia, jaribu hivi kila asubuhi: washa, elekeza ncha ya upanga kwenye kisiki kipya cheupe, umbali wa kama shubiri moja bila kukigusa, panda resi. Mstari wa mafuta utajichora pale. Usipojichora, zima, usikate hata gogo moja. Mashine nyingi zina skrubu ya kuongeza oili, iko upande wa chini. Siku ya kwanza ifungue itoe nyingi, hasa ukikutana na milingoti iliyokauka, kisha punguza ukiona upanga umelowa kupita kiasi. Upanga ukibadilika rangi kuwa wa bluu kwenye kingo, ujue umekuwa ukikata kavu.

Kuhusu gharama, alizeti ni chakula na mara nyingine lita yake haipishani sana na oili halisi ya cheni. Usiibebe peke yako. Kaa na huyo mama, mwambie utahitaji kama lita ishirini na tano, azitoe yeye kama sehemu ya bei ya kazi. Aliyekuja na wazo hilo na mwenye kisima ni yeye, sidhani kama atakataa.

Na tafadhali, alizeti ni ya tenki la cheni tu. Kwenye petroli endelea kuchanganya oili ya tu-stroki kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mashine yako. Vifuniko vya matenki hayo mawili viko karibu karibu, na mtu aliyechoka jioni anaweza kukosea. Paka rangi kimoja.