Rimu kubwa na ulaji wa mafuta

SWALI: Gari yangu ndogo ilikuja na tairi 185/65R15. Nimefunga rimu za sport na tairi 215/45R17. Tangu hapo mafuta yanaisha haraka. Fundi anasema ni milima tu. Kweli?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Milima ulikuwa nayo hata kabla ya rimu. Urefu wa tairi haujabadilika sana: milimita 622 za zamani, 625 za sasa, kwa hiyo mita ya kilomita haikudanganyi. Kilichoongezeka ni upana, milimita 30, na mara nyingi uzito pia. Injini inautafutia nguvu kila unapoondoka kwenye foleni. Rudi kwenye rimu za inchi 15. Rimu za urembo muuzie anayependa kutazamwa.

Kwanza lakini pima upepo, asubuhi gari ikiwa haijatembea, ukifuata kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Tairi ikilika kingo zote mbili, upepo ni mdogo. Ikilika katikati, umezidi. Ukingo mmoja tu? Kapime alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu. Ukishuka Kyela tairi zikapata moto, usipunguze upepo: ukirudi kwenye baridi ya Uyole zitakuwa zimelegea.