Jibu: Kufunga upande mmoja wa barabara pale Mkuyuni
Mkuu, umeuliza kama koni na utepe vinatosha mkifunga upande mmoja pale Mkuyuni ili mchimbe kalavati, yaani njia ya maji chini ya barabara. Havitoshi. Gari la kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde, na dereva akishtuka, sekunde moja au zaidi inapita kabla hajagusa breki. Kibao cha kwanza cha onyo kiwe mbali, na koni zipangwe kwa mshazari mrefu zimsogeze dereva taratibu.

Washika bendera wawili, mmoja kila upande, waonane au wapewe redio. Wasipoelewana, daladala zinakutana uso kwa uso katikati na bodaboda zinajaza kila upenyo. Usiku wekeni taa na viakisi mwanga.

Kinachoniuma zaidi ni watembea kwa miguu. Mkimwaga kifusi kwenye njia yao, mama mwenye beseni la dagaa kichwani anashuka barabarani, katikati ya malori. Mwachieni njia yake yenye uzio imara, si utepe, na mvua ikinyesha mwageni kokoto ili njia hiyo isigeuke tope. Kituo cha daladala nacho kihamisheni kabla ya kuanza kuchimba, la sivyo abiria wataendelea kusimama palepale walipozoea, nyuma ya greda.