Muguu wa kuvimba jioni

Pole sana mama, ule muguu unauma tangu mwezi na kuvimba kila jioni, lala chali, uweke muguu juu ya mito mbili upite kifua, na chezesha kifundo sawa vile unakanyaga mashini ya kushona, juu maji ya limfu, ile maji inatoka mu nyama ya mwili na kurudia mu damu, haina moyo ya kuisukuma, misuli na pumuzi njo vinasaidia kuisukuma. Kwa hiyo kupanda mulima ya Kadutu, kule Bukavu, na miguu ni dawa, usiache. Tangawizi na mawese inapasha joto tu, haitoe uvimbe. Ukikanda, ngozi tu isogee, kuelekea paja, usiminye vile bengine banafanyaka. Lakini muguu ukivimba gafla, ukiushika una moto, nyama ya nyuma ya muguu chini ya goti inauma, usikande hata kidogo, kimbia hopitali leo leo, inaweza kuwa damu imeganda.